Mijusi wa Kaka Yako Wameamka

"Ningejuaje kuwa mijusi hulala mpaka baridi iishe? Walikuwa kama maiti!"

Zulhumor mwanangu, huyo ni jirani Hosiyat, anafoka ng'ambo ya ukuta, mtaa mzima unasikia. Alikuja kuazima ungo, akalitoa sanduku la mijusi ghalani, akalisukuma chini ya mfarishi wa sandali, meza yetu ya kuotea moto, penye makaa, eti huruma. Mmoja amekufa. Wawili wameamka na njaa, na nje theluji tupu, hakuna hata inzi. Kaka yako aliwakamata jangwani kabla ya kwenda jeshini. Nilimwahidi atawakuta hai.

Nakwenda kwenye kinu cha kusagia ngano kuomba funza wa unga. Wewe wadondoshee maji. Kaka yako usimwambie bado.

~~Hosiyat asikanyage hapa.~~ Ameacha kufoka sasa, namsikia analia. Palov, pilau ya leo, iko sufuriani. Mwite aje mle pamoja.

Mama