Godoro la Mshamu

Chamazi

Kaka Mshamu,

Asalaam aleikum. Sie wazima. Hitma ya Mama ilijaa watu, na mwanangu Chausiku alipika vitumbua kama alivyofundishwa na bibi yake.

Kila ukipiga simu kutoka Maskati unauliza kama Mama alikuachia radhi kabla hajafa. Shangazi ananitaka niseme ndiyo. Mie simsingizii maiti. Alitutolea radhi sote kwa majina. Alipofika kwako akageukia ukutani.

Lakini tangu mgombane ukaondoka, kila Ijumaa alianika godoro lako juani, na hakuna aliyeruhusiwa kulilalia. Sasa analianika Chausiku, ndivyo alivyousiwa na bibi yake.

Njoo ulilalie, kisha usiniulize tena.

Mdogo wako,
Somoe