Kwa Baba, Uliyeshindwa Vizuri

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipovua miwani, ukaiweka juu ya gazeti na kusema unajinyoosha dakika kumi tu. Wewe, mtu wa saa, uliyetugombeza hata kwa kuchelewa mezani! Safari hii umepitiliza mwenyewe, na tumekosa wa kumshtaki.

Ulikuja nchi hii ukiwa na sanduku moja, rula ya chuma na mkataba wa miaka miwili kwenye mitambo ya maji. Ukakaa arobaini na mmoja. Lawama zote kwa karani wa stoo, yaani Mama. Siku hizo Kiswahili chako kilikuwa cha kuombea chumvi tu. Jioni moja ulikwenda dirishani kwake kurudisha spana, naye akakuuliza kwa adabu, "Umeshindaje?" Ukajikaza, ukajibu kama mtoto aliyekariri, "Nimeshindwa vizuri."

Mama alicheka hadi boksi la nati likamwagika. Kesho yake ukarudi kuazima spana ambayo tayari ulikuwa nayo mfukoni.

Usilolijua ni kwamba hakukusahihisha makusudi. Kila jioni, miaka yote hiyo, alikuuliza umeshindaje, nawe ukamjibu umeshindwa vizuri, huku unavua viatu na kunusa kilichoko jikoni. Dada mkubwa, akiwa darasa la pili na kimbelembele chake, alitaka kukueleza kwamba mtu aliyemaliza siku salama ameshinda, hajashindwa. Mama akamfinya chini ya meza.

"Mwache," akamnong'oneza. "Hilo ni langu."

Kazini walikuita Mzee Bisibisi, maana uliegemeza bisibisi kwenye pampu, ukatega sikio kwenye mpini, ukataja ugonjwa kabla hata kifuniko hakijafunguliwa. Kazini sawa. Nyumbani ulisikiliza friji, ukasikiliza feni, na siku moja ukamwomba mke wa kaka, mimba ikiwa ya miezi minane, akuruhusu usikilize kidogo tu. Mama alikunyang'anya hiyo bisibisi mchana kweupe. Mjukuu alipozaliwa ukatamba kwamba ulijua tu mashine ni nzima.

Na kulea ulitulea kwa kanuni ya nati. Ukikaza moja, nenda ya mkabala wake, la sivyo chombo kitapinda. Ukimgombeza kaka, sharti umtafutie na dada kosa lake. Tatizo tulikuwa watatu, hesabu haikukubali, kwa hiyo mimi kitinda mimba nilikazwa peke yangu. Nilipokataa uhandisi nikachagua kushona nguo, niliogopa kukwambia kwa wiki mbili. Mwishowe nikakwambia. Uliniletea cherehani mbovu, ukanifanya niifungue yote na kuirudisha, skrubu kwa skrubu. Ilipoanza kushona ukanishika bega. "Sasa wewe mhandisi wa suruali," ukasema. Ndivyo ninavyojitambulisha kwa wateja hadi leo.

Sasa tukupe habari za nyumbani, maana hatukuzoea kukuficha. Miezi mitatu baada yako, pampu ya uani iligoma. Mama akakataa fundi. Yeye, mwanamke wa miaka sitini na saba, akawa anabeba ndoo kutoka kwa jirani, anapanda nazo ngazi. Tulimbembeleza, tukanuna, tukaitisha kikao cha familia. Akatujibu kwamba hana shida, mazoezi ni afya. Wiki iliyopita akateleza, akaanguka na ndoo yake. Tunashukuru liliumia goti tu. Dada, huku analia, akamuuliza anatutesea nini.

"Zile nati alizikaza yeye," akasema Mama. "Mkizifungua, mkono wake ndio umeondoka hivyo."

Kaka, ambaye unamjua kwa maneno, alikwenda kusimama dirishani.

Jumamosi, nikitafuta plasta ya goti lake, nikafungua sanduku lako la vifaa, kwa kuwa wewe uliweka kila kitu humo. Nikakuta daftari la pampu. Ukurasa wa kwanza umeandika: "Moja, zima umeme. Mbili, zima umeme, najua hujazima." Chini yake ziko tarehe za kila ulipoifungua, kumi na nne, na mbele ya kila tarehe umejipa matokeo. Nimeshindwa. Nimeshindwa. Nimeshindwa. Mara zote kumi na nne, na pampu ilikuwa inapiga kazi!

Nikampelekea Mama. Alisoma hadi chini, kisha akacheka, kicheko ambacho hatukukisikia mwaka mzima, akacheka mpaka akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Akalia kidogo, akacheka tena. "Kumbe mwenyewe alizifungua mara kumi na nne," akasema, halafu akaagiza spana.

Nati ya kwanza aliilegeza mwenyewe, polepole, na ya mkabala wake pia. Mbili zilizobaki akaniachia mhandisi wa suruali. Umeme tulikuwa tumezima, Baba, tena mara mbili. Ubovu wenyewe ulikuwa mpira mmoja uliokatika, mdogo kama bangili ya mtoto. Tukaweka mpya, tukakaza kama ulivyotufundisha, tukawasha. Bomba likakohoa, likatoa kutu, kisha maji yakaja meupe.

Mama akafuta mikono, akaomba kalamu. Chini ya tarehe zako akaandika ya siku ile, kwa mwandiko wake wa stoo: "Nimeshindwa. Maji yanatoka."

Unakumbukwa na mkeo, karani wako wa siku zote. Na sisi wanao watatu. Na wakwe zako, yule wa bisibisi akiwa mbele. Na wajukuu zako watano, ambao wameanza kusikiliza friji. Na wenzako wa mitambo ya maji. Pumzika, Baba. Hakuna bomba litakalofunguliwa nyumba hii bila wewe kutajwa. Na ukituuliza tumeshindaje tangu uondoke, tumeshindwa vizuri.