Ukuta wa Nyuma Bila Kibali

Jumatatu, 6 Oktoba

Nimekamua mbuzi, nimefagia, nimeenda ofisi ya ujenzi tena kuomba kibali. Nimekaa kwa benchi mpaka kiuno kikauma. Kijana wa ofisi ni mpole, hanifokei. Anaifungua ramani yangu, anaikunja, ananirudishia. Ramani yenyewe ni nzuri. Siku nilipoiona mara ya kwanza nililia. Chumba cha binti yangu Talaso, cha mawe, kimeshikana na nyumba yetu ya udongo upande wa nyuma. Mlango mpana. Choo ndani. Sakafu ya simiti, hakuna kizingiti. Mimi nasoma kwa kufuata kidole lakini hiyo ramani nimeielewa yote.

Leo ameuliza ploti ni ya nani. Nikasema ni ya Baba Talaso. Akasema basi yeye ndiye aje aweke sahihi. Nikamwambia nyumba ni yangu. Kwetu Waborana nyumba ni ya mwanamke, yeye ndiye anaijenga, hata mzee akifika mlangoni anakohoa kwanza. Kijana akacheka, si kwa ubaya.

"Mama, hapa hatuandiki nyumba. Tunaandika ploti."

Nikachukua ramani yangu nikarudi nyumbani. 

Jumanne, 7 Oktoba

Hospitali ya kule Meru wamepiga simu. Talaso anaendelea vizuri. Vizuri yao ni kwamba sasa anakaa kwa kiti cha magurudumu bila kuanguka. Miguu haitarudi, hiyo walishaniambia. Tangu ile boda boda imwangushe barabara ya Ngaremara hajalala nyumbani. Mwisho wa mwezi wanamruhusu.

Nesi ameuliza kama mlango wetu ni mpana. Nikasema ndiyo. Uongo. Mimi mwenyewe nikibeba karai naingia kwa ubavu.

Halafu Talaso akachukua simu. "Mama, chumba kimefika wapi?"

Nikasema kimefika. Uongo tena. Nimekaa chini baada ya hapo, ugali ukaungua.

Alhamisi, 9 Oktoba

Baba Talaso hapatikani. Yuko na ngamia mbele ya Merti, huko simu haishiki. Nimeenda pale malori yanapakia, nimempa dereva ujumbe. Aje, na kitambulisho. Dereva akauliza kama kuna msiba. Nikasema hapana. Akasema basi mzee hatakuja haraka. Nikasema mwambie tu ni Talaso.

Mawingu yamejaa upande wa milima ya Nyambene. Mwaka mwingine ningeshukuru, mwaka huu bado sijajenga.

Jumatatu, 13 Oktoba

Ofisi wanataka pia sahihi za majirani, kwamba hakuna anayepinga. Hiyo ni rahisi! Nimetoka pale nikitembea kama msichana. Nimepita nyumba kwa nyumba nikiwaambia wanawake waje kwangu Jumatano asubuhi, ni mambo ya nyumba.

"Ya Talaso?" Mama Kabale wa jirani akauliza.

Nikasema ndiyo, ya Talaso.

Akafunga mtandio wake vizuri. "Tutakuja wote."

Jumatano, 15 Oktoba

Nianzie wapi sasa.

Wamekuja na jembe. Wamekuja na shoka, na panga, na wimbo. Mimi nimesimama mlangoni na kalamu.

Mimi mjinga. Nimezaliwa huku, nimejengewa hivyo hivyo nilipoolewa, na bado nimesahau. Ukiita wanawake kwa mambo ya nyumba, umewaita kazi. Kwetu hakuna mwanamke anayeitwa kuja kuandika jina. Nikawaambia ngojeni, kubomoa ukuta hatujapata ruhusa.

"Ruhusa ya nani?" Mama Kabale akasema. "Mzee wako ndiye anakataza?"

"Serikali."

"Serikali ilikuwa wapi ulipokuwa ukikanda huu udongo na mimba ya huyo mtoto?"

Wakacheka wote, mpaka mama mzee ambaye hana meno. Na kuwarudisha wanawake waliokuja na mikono yao, hiyo ni kujitafutia laana. Siwezi. Lakini niandike ukweli wote, hapa hakuna anayesoma. Nilitaka. Niliangalia ule ukuta wa nyuma, nikamwona Talaso anapita na kiti chake. Sikuwazuia tena. Nikaingia kupika chai, na kabla maziwa hayajapanda jikoni kukawa na mwanga, ukuta wa nyuma wameshaubomoa.

Udongo haukawii kuanguka. Tumekunywa chai tukiwa ndani tunaangalia nje. Nilifurahi. Nilifurahi sana. Sahihi wameweka baadaye, na vidole vya udongo, karatasi imechafuka yote.

Ijumaa, 17 Oktoba

Ukuta umeshaanguka, sikungoja kibali; fundi wangu Mwiti alikuwa ameanza kuchimba msingi, mawe tayari yamepangwa. Saa ya swala gari la ofisi likasimama. Kijana mpole hakuwepo. Alikuwa mzee mmoja wa kofia, na mwingine na kopo la rangi. Wamechora X nyekundu kwa ukuta wa mbele, kubwa, hata walio barabarani wanaiona.

"Usiongeze hata jiwe moja, mama. Ukiongeza tunaangusha yote."

Nikauliza kama naweza kurudisha ule ukuta wa udongo tu, kama ulivyokuwa.

"Hiyo pia ni kujenga."

Fundi Mwiti amekusanya vyombo vyake. Amesema pole, akishikwa hapa watoto wake watakula nini. Sikumlaumu. Nilimpa chai, hakuweza kuimaliza.

Kwa hivyo siwezi kujenga na siwezi kuziba. Mbuzi wa jirani ameingia nyuma, amepanda kitanda nilichomwekea Talaso, amelala. Nilicheka peke yangu. Halafu sikuweza kuacha kulia.

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Ofisi imefungwa.

Mama Kabale ameleta turubai, tumefunga kwa kamba. Haniangalii usoni. Nimemwambia si kosa lako. Akasema najua. Bado haniangalii.

Alhamisi, 23 Oktoba

Baba Talaso amefika, juu ya lori la mbuzi, vumbi mpaka kwa kope. Amepita nyuma. Nilikuwa ndani, nikamwona kwa mwanya wa turubai. Alisimama pale ukuta ulipokuwa, akaangalia chini, akaangalia juu. Halafu akakohoa. Pale pale, na hakuna mlango.

Nikamwambia ingia.

Hajanigombeza. Ningependa anigombeze.

Ijumaa, 24 Oktoba

Tumeenda wote wawili, mapema. Mzee ameweka sahihi yake, imetoka imepinda. Kijana amepokea kitambulisho, ramani, hata ile karatasi ya udongo ameikubali. Nikafikiri imeisha. Nikaanza kumwombea dua moyoni.

Akasema sasa inangoja kamati inayopitisha ramani.

Kamati imekaa wiki hii. Imeshamaliza. Itakaa tena mwezi ujao, na kwa sababu ya X lazima kwanza waje waangalie, waandike walichoona, ndiyo ipelekwe. Nimemuuliza kama haiwezi kupita mbele kidogo, ni mtoto mgonjwa. Akasema ramani zote zilizo hapo zina mgonjwa, ama zina mzee, ama zina yatima. Akanionyesha mafaili. Sikuwa nimefikiria hivyo. Mimi nilidhani ni mimi tu.

Baba Talaso huko malishoni akisimama kwa kisima wanaume wanaogombana wananyamaza. Leo amekaa kwa kile kiti cha plastiki, kofia kwa goti, kama mtoto aliyeletwa kwa mwalimu mkuu. Ameuliza jambo moja tu. Na mvua?

Kijana akaangalia meza. "Mzee, kwa mvua sina fomu."

Tumerudi kwa miguu. 

Jumatano, 29 Oktoba

Nimepigia hospitali, nimeomba wamweke Talaso mpaka kamati. Nesi amesema kitanda kina mwingine anakingoja, yuko kwa korido. Ijumaa nimchukue.

Nimemuomba Mungu mvua isije. Halafu nikakumbuka ngamia na watu wote wa Merti wanaiomba. Nikaacha. Sijui niombe nini.

Ijumaa, 31 Oktoba

Amekuja. Amekonda. Nywele wamemsuka vizuri, sijui ni nani, Mungu ambariki.

Mlango wa mbele ulikataa, kama nilivyojua. Magurudumu yaligusa fremu huku na huku. Baba yake akataka kumbeba, Talaso akasema hapana, sibebwi mbele ya watu. Kwa hivyo tumezunguka nyuma. Wanawake wametandika magunia juu ya udongo uliochimbwa wa msingi, wengine wanavuta, wengine wanasukuma. Mama Kabale ameshika turubai juu kwa mikono miwili mpaka Talaso akapita. Akaingia. Ndani ya nyumba yake, na kiti chake.

Aliangalia pande zote.

"Mama, ulisema kimefika."

Nikasema ndiyo, nilisema.

Nikamfungia breki ya kiti, nikaenda kuweka chai.

Baadaye choo. Hakuna choo, ni beseni. Nilimshika kwapani. Msichana mkubwa, alikuwa anafunga mlango hata akinawa uso. Akaniambia, "Angalia kando, mama." Nimeangalia kando. Hicho ndicho nimeweza kumpa leo.

Jumapili, 2 Novemba

Mvua imekuja mchana. Imekuja na upepo.

Baba Talaso amefunga kamba tena na tena, halafu ameenda kutafuta msumari. Kutundika turubai sijui kama ni kujenga. Hatujauliza.

Watu wanapita njia ya nyuma wakikimbia mvua. Upepo ukiinua turubai wanamwona Talaso kitandani, wanamsalimia kwa sauti, wanauliza hali. Wanasalimia kwa mapenzi. Kila mara anajibu vizuri, halafu anavuta shuka. Mwishowe akasema, "Mama, wasinione."

Nimevuta turubai mpaka chini. Mawe ya kuikandamiza siruhusiwi kuyagusa, kwa hivyo nimekaa mimi juu ya upindo wake, mgongo upande wa nje, miguu upande wa kitanda. Maji yananipiga mgongoni kupitia plastiki. Hayaingii.

Ameshalala. Naandika juu ya goti. Chai iko kwa jiko, siifikii, na sitainuka.