Jina Atakalonyamazia Mtoto

Manzese, Dar es Salaam

Mama, shikamoo. Natumaini goti limepungua uvimbe na unashuka mwenyewe hadi ziwani. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma. Kutwa tunashusha mifuko ya saruji inayotoka kiwanda cha Wazo, jioni nakohoa vumbi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tuligombana juu ya jina la mtoto, ukakata kabla sijamaliza. Barua haikatwi.

Jirani na stoo yetu kuna karakana ya kuchomelea vyuma. Jumapili mashine zikizimwa, vijana wanne hupiga humo muziki wa roki, magitaa ya umeme na ngoma. Mwanzoni niliona kelele tu. Siku hizi nikimaliza kufua naenda kusikiliza, maana wana wimbo mmoja ambao mtaa mzima unaubishania. Mwimbaji anaita: “Si Masatu wewe? Bado unalia. Si Nyabise wewe? Bado unalia.” Gitaa nalo linalia kwelikweli. Mara vyombo vyote vinanyamaza, wimbo umeisha.

Juzi Chande, mwenzangu wa kazi, mtu wa Temeke, akasema, “Huyo ana wanawake wengi, kasahau leo analala kwa nani.”

Muuza chapati akamkatiza: “Acha upuuzi wewe! Hayo majina ya mapepo.”

Nikasema, “Hapo kuna kichanga analia. Anatajiwa majina ya marehemu wa ukoo. Akinyamaza, basi amepata lake.”

“Haya, profesa wa saruji!” Chande akacheka.

Lakini mwimbaji aliweka gitaa chini. “Braza, umejuaje? Mie bibi alikuwa anauimba akisaga ulezi, kafa hajaniambia maana. Na mwisho alikuwa ananyamaza hivyohivyo. Watu wananiambia niongeze kibwagizo, nimekataa.”

Mama, nilimheshimu kijana yule. Hakujua maana, lakini hakuthubutu kuongeza hata neno. Mimi niliyeijua ndiye niliyekuambia kumtajia mtoto majina ni mambo ya kizamani.

Akaniuliza, “Una mtoto?”

“Ninaye, wa miezi miwili. Yuko kwa mama, Musoma.”

“Alinyamazia jina gani?”

Nikajifanya naitwa stoo.

Nisalimie mke wangu, mwambie kitenge nimempa dereva aletaye barua hii. Msalimie mjomba mwenye ng'ombe, na shangazi mkunga aliyempokea mtoto. Jirani yetu fundi baiskeli mwambie simsahau.

Sasa nikuambie ukweli. Sikukataa kwa sababu ya ukale. Niliogopa jina la dada Nyangeta. Alipokufa sikuja kuzika, nikasingizia kazi, kumbe nilikuwa bado nina kinyongo naye. Niliogopa mwanangu atulie kwenye jina lake, kisha nimwite kila siku mtu ambaye sikumzika.

Lile jina la Glori nililolituma kwa simu liacheni. Keti na wazee, mtajieni wote, na Nyangeta msimruke. Akinyamazia jina lake, nipigie, umwekee mtoto simu sikioni. Nataka nimwite mimi mwenyewe.

Mwanao anayekuomba radhi,
Mafuru