Saa ya Kompyuta ya Dirishani

Alhamisi, jioni. Mvua imeunyeshea mtaa wetu wa Nyasho mchana kutwa, sasa kumetulia. Mama anakaanga furu, visamaki vya ziwani, uani na harufu inanifikia hapa mezani, lakini siwezi kula kabla sijaandika.

Nyangeta amerudishiwa ufunguo!

Nieleze vizuri. Nyangeta ni rafiki yangu na kiranja wa maabara ya kompyuta. Juma lililopita michezo ya magari ilikutwa kwenye kompyuta za shule. Akaunti zetu sisi wanafunzi haziwezi kusakinisha kitu. Anayeweza ni msimamizi, Mwalimu Magesa. Kwa hiyo akaamini kwamba Nyangeta alichungulia nywila yake akaigawa. Akamnyang'anya ufunguo, akafunga maabara. Kesho alikuwa avuliwe ukiranja mbele ya paredi.

Nilijua hakuigawa. Lakini nani angenisikiliza bila kuona?

Nikawaza kuhusu umeme. Ukikatika katikati ya somo, programu yetu ya mazoezi ya hesabu huharibika. Mwalimu alichoka kuitwa kila mara, akaweka kisakinishi, yaani kile kinachoiingiza programu kwenye kompyuta, katika folda ya pamoja ili tubonyeze wenyewe "Rekebisha". Ukibonyeza, hakikuulizi nywila. Kinafanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi, na mafaili yake kinayachukua humo humo kwenye folda ambamo kila mwanafunzi anaweza kuweka chochote.

Hakiulizi faili limewekwa na nani. Kinaliendesha tu.

Leo nikaenda ofisini kwake. Nikamwomba Mwalimu abadilishe nywila kwanza, asimwambie mtu, kisha aje anisimamie.

"Bhoke, ukinipotezea muda utafyeka majani mpaka likizo."

"Sawa, Mwalimu."

Nikachagua kompyuta ya dirishani. Betri yake ya ndani ilishakufa na saa yake iko nyuma miaka mingi, na akaunti ya mwanafunzi haiwezi kuirekebisha saa hiyo. Nikaingia kwa akaunti yangu ya kawaida. Nikaweka kwenye folda kifaili changu kidogo cha kubadilisha saa, chenye jina ambalo kisakinishi hulitafuta. Nikabonyeza "Rekebisha".

Saa ikaruka mpaka leo.

Mwalimu akaangalia saa yake ya mkononi, akaangalia kioo cha kompyuta. "Rudia."

Nikarudia. Safari hii nikaipeleka mbele, mpaka mwaka tutakaomaliza kidato cha nne.

Akacheka hadi akavua miwani. "Kumbe mimi ndo nilikuwaga nawaachia mlango wazi! Namwonea mtoto wa watu bure."

Hapo hapo akakihamisha kisakinishi mahali ambapo sisi hatuwezi kuweka kitu, akakifuta kile kitufe, akawaandikia watengenezaji wa programu. Maelezo yalikuwa yangu. Jina langu pia aliliweka.

Kisha akaja darasani kumwomba Nyangeta radhi, sote tukisikia.

"Wewe Bhoke," Nyangeta akaninong'oneza, "mbona hukuniambia?"

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia kabisa!"

Aliyeweka michezo bado hajajitaja. Sasa hivi hilo halinisumbui. Nimegundua kitu kwa akili yangu mwenyewe, na kimemtoa mtu kwenye aibu. Je, kuna watu wanaofanya hivi kama kazi, kila siku? Nataka kuwa mmoja wao. Nimeliandika jambo hili, nisije nikalionea haya.

Kesho paredi ipo palepale, ila Mwalimu amebadilisha atakachosema. Ikiisha nitavua viatu mlangoni mwa maabara, nisiingize tope, na nitangoja Nyangeta afungue.