Mume wangu amefunga hita kwa kuuliza simu, sasa maji yanatuuma

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada, na uniwie radhi kwa mwandiko, maana ninaandika nikiwa nimekalia ndoo niliyoipindua hapa mlangoni mwa bafu, kichanga kalala mgongoni, na nimekaa hapa makusudi ili yeyote anayetaka kuingia kuoga apite kwanza juu yangu.

Mume wangu ni seremala, na ni seremala mzuri, sitaki kumvunjia heshima, kitanda tunacholalia kakitengeneza yeye na hakijawahi kulia hata siku moja, lakini tangu aweke kwenye simu ile programu ya akili bandia, ile unayoiandikia swali ikakujibu kama mtu, amekuwa hashikiki. Alianza kuiuliza habari za vanishi na gundi, sikuwa na neno, hiyo ni kazi yake. Baadaye akaiuliza dawa ya mende, akaiuliza kwa nini mama yake anaumwa goti, na mkwe wangu akafurahi kweli kweli, akawa anasema mwanangu ana daktari mfukoni. Sasa juzi juzi akanunua hita ya bafuni, ile inayofungwa juu pale maji yanapomwagikia, nikamwambia Baba Kibibi, tumwite fundi umeme, akanitazama kama nimemtukana, akasema, "Fundi ni nani na mimi ni nani? Waya ni waya. Nitaelekezwa hatua kwa hatua."

Akaelekezwa. Simu kaiegemeza kwenye sabuni, yeye juu ya stuli, kila akikaza skrubu anashuka kusoma. Hita ikawaka, maji yakaja moto, mkwe akapiga vigelegele. Haukupita muda swichi ya kwenye boksi la umeme ikaanza kujikata, kila tukiwasha hita nyumba nzima inakufa, jokofu kimya, taa hakuna. Akaiuliza simu. Ikamwambia huenda swichi ile ni ndogo, akanunua kubwa zaidi akaifunga mwenyewe, bado ikawa inajikata. Basi siku moja akatoka bafuni anacheka, ananiambia kapata dawa, ule waya wa kijani ndio ulikuwa unaleta fitina, kaungoa, kaukunja kama kamba ya kiatu, kauzungushia utepe, na kweli swichi haikujikata tena. Majirani wakaanza kumwita Mhandisi. Na jina likamkaa, mshauri, ukimwita hivyo anaitika.

Kuanzia hapo binti yetu, Kibibi, akaanza kukataa kuoga. Mtoto aliyekuwa hatoki kwenye maji mpaka umkokote, sasa akiona taulo anajificha chini ya meza, ukimuuliza anasema, "Mama, maji yana miiba." Tukacheka. Mkwe akasema, "Anadeka huyo, mshike umwagie." Na mimi nilimshika, mshauri, nikammwagia huku analia ananing'ang'ania shingoni, nikamwambia acha ujinga, maji hayana miiba, na maneno yale nayajutia mpaka sasa.

Kwa sababu siku ile ile, baadaye, mimi mwenyewe, nimempakata kichanga mkono mmoja, nikanyoosha mwingine kufunga bomba la chuma, mkono ukakazika, meno yakagongana, nikasikia kama mchwa wanatembea ndani ya mfupa mpaka begani. Mtoto alinichoropoka. Namshukuru Mungu alishuka kwenye beseni la nguo chafu. Nilikaa pale sakafuni nimeloa sijui nalia au natetemeka.

Baba Kibibi aliporudi nikamweleza. Unajua alisemaje?

"Hiyo ni baridi tu."

"Baridi gani ya maji ya moto, Baba Kibibi?"

Akasema, "Utakuwa umechoka. Mama anayenyonyesha hupatwa na ganzi." Nikamuuliza hayo kayatoa wapi. Akatoa simu.

Nikaichukua ile simu nikasoma mazungumzo yao yote, mume wangu na mashine, na hasira niliyokuwa nayo sijui nikuandikie vipi. Yeye kaandika, "Huu waya wa kijani naona hauna kazi, unasumbua swichi tu, nikiutoa si itatulia?" Mashine ikamjibu kwamba ameona vizuri, wazo lake ni zuri, na kwamba baadhi ya vifaa hufanya kazi bila waya huo. Wazo zuri! Nikachukua simu yangu mimi, programu ile ile, nikaandika, "Je, ni hatari kuondoa waya wa kijani kwenye hita ya kuogea?" Ikanijibu ni hatari sana, inaweza kuua, zima umeme mara moja, mwite fundi mwenye leseni. Nikaziweka simu mbili mezani, ubavu kwa ubavu, nikamwambia soma.

Akasoma. Akasema, "Wewe umeiuliza kwa woga, ikakupa jibu la mwoga."

Mshauri, si hilo tu. Mbele ya macho yangu akaandika kwamba mke wake ana wasiwasi usio na msingi, imsaidie kunituliza. Ikaandika! Ikaandika kwa maneno matamu kwamba ni kawaida kwa mwenzi kuwa na hofu kukiwa na kitu kipya nyumbani, anisikilize kwa upole, anishike mkono. Kitu ambacho hakijawahi kuogesha mtoto, hakina mkono wa kupigwa shoti, kinamfundisha mume wangu jinsi ya kunipoza kama mgonjwa wa akili. Na yeye akaniletea mkono nimshike! Niliuangalia ule mkono, nikaondoka.

Nikasema basi nitamwita fundi mimi. Hapo ndipo ulimi wake ulipokuwa mkali, akasema, "Siku utakayomleta mtu aje kufungua kazi yangu majirani wakitazama, ujue umenivua nguo sokoni." Mkwe naye akadakia, "Binti, wenzako waume zao wanashinda vijiweni, wako anashinda anaijenga nyumba, unataka nini tena?" Na mkwe si mtu mbaya, ananisaidia watoto, lakini kwa mwanawe hasikii wala haoni.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba mwezi uliopita mteja alimletea kabati alilojifungia milango mwenyewe kwa kufuata simu, limepinda kama mlevi, na Baba Kibibi alicheka mpaka akakaa chini, akasema kila mtu fundi siku hizi, mbao haina huruma na mjuaji.

Sasa nimebaki peke yangu. Asubuhi naamka kabla ya wote nije kukaa hapa, maana mkwe anasema yeye ngozi yake ni ngumu ataoga tu. Baba Kibibi mwenyewe hana taabu, siku hizi anaoga karakanani kwa maji ya pipa, anasema hataki kuniletea vumbi la mbao ndani, na jirani wa nyuma kashamwomba aende akamfungie hita kama yetu, kakubali. Nimefikiria kuchukua watoto niende kwa mama yangu. Nimefikiria kumwita fundi kwa siri. Nampenda mume wangu, lakini sitamzika mtoto kwa ajili ya heshima ya mtu. Je, mimi ni mke mkaidi kama wanavyosema? Nifanyeje? Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Mlinzi wa Bafu

---

Mlinzi wa Bafu,

Inuka kwenye hiyo ndoo. Vaa viatu vikavu, kausha mikono, nenda kwenye boksi la umeme uzime swichi ya hita, na kama hujui ipi ni ya hita, zima ile kubwa, nyumba yote ikae bila umeme. Haya nilikwisha kukwambia kwa simu siku ile ile barua yako iliponifikia, kwa sababu swali la namna hii halingoji kuchapwa. Nayarudia hapa kwa ajili ya jirani wa nyuma, na kwa majirani wa nyuma wa kila mtaa.

Pole, mwanangu. Pole kwa mkono, pole kwa kichanga, na pole zaidi kwa yale maneno unayoyajutia. Hukujua. Sasa unajua. Leo hii mpigie magoti Kibibi, umwambie, "Ulisema kweli, maji yalikuwa na miiba." Mtoto akisema maji yanamuuma, yanamuuma. Angekuwa mkubwa mngemwita shahidi, kwa kuwa ni mdogo mkamwita mdekaji. Na hili mkwe wako alisikie pia, yeye na ngozi yake ngumu. Umeme haupimi ngozi ya mtu.

Huo waya wa kijani haukuwa na fitina. Kazi yake ni kuuchukua umeme uliopotea njia na kuupeleka ardhini kabla haujapita kwa mtu. Swichi iliyokuwa ikijikata ilikuwa inapiga kelele kwamba ndani ya hita kuna kosa. Mumeo kwanza akaileta swichi isiyosikia vizuri, halafu akaukata ulimi wa anayesema. Nyumba ikanyamaza, akaona imepona! Sasa umeme ule hauna pa kwenda ila kwenye bomba, kwenye maji, na kwenye mwili wa yeyote anayegusa.

Lakini na wewe nina neno nawe, usidhani umepona. Ulipigwa shoti mpaka mtoto akakuchoropoka, kisha ukaenda kuiuliza simu kama ni hatari. Je, ingekujibu kwamba ni salama, ungemrudisha Kibibi bafuni? Mashine ile haijui nyumba yako. Haijaona boksi, haijagusa waya, inasoma ulichoandika na kukurudishia kinachofanana na swali lako. Mwenye hamu ya kusikia ndiyo, inampa ndiyo. Mwenye hofu, inampa hofu. Safari hii hofu iliyokupa wewe ndiyo ya kweli, lakini ukweli ulikuwa nao mkononi tayari, tena mkono wenyewe ulikuwa bado unatetemeka. Kushindanisha simu mbili mezani ni kutafuta hakimu mahali ambapo hakuna hata mzee wa mtaa.

Sasa soma tena barua yako pale mwishoni, uliposema mumeo hana taabu. Umeandika kwa mkono wako, ukapita. Anaoga wapi? Kafunga hita kwa jasho lake, mama kapiga vigelegele, mtaa unamwita Mhandisi, na yeye anaoga kwa maji ya pipa karakanani! Vumbi la mbao lilianza lini? Amekuwa seremala siku zote. Mwanangu, mtu anayeiamini kazi yake huikalia, huilalia, huioga. Yeye aliguswa na hayo maji kabla yako, naweka mkono wangu motoni. Aliguswa, akaiuliza simu, ikambembeleza, naye akachagua kuamini bembelezo huku miguu yake ikimpeleka kwenye pipa.

Simwiti muuaji. Namwita mwenye haya. Ameona haya kusema "nimekosea" mbele ya mama yake na mbele ya lile jina la Mhandisi, na haya hiyo ameiacha bafuni pamoja na watoto. Hilo ndilo linalonikasirisha mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Basi fanya hivi. Usimwite fundi kwa siri, siri itakupa kosa ambalo huna. Na usiombe ruhusa. Mwambie, "Fundi umeme mwenye leseni anakuja asubuhi, ningependa uwepo." Akikuambia habari ya kuvuliwa nguo sokoni, usibishane naye juu ya waya, kwa waya atakushinda maneno. Muulize swali moja tu, kwa sauti ndogo, mama yake akiwa chumba kingine: "Baba Kibibi, kwa nini huogi hapa?" Kisha nyamaza. Usimsaidie kujibu. Ukimya utafanya kazi yake.

Fundi akija akague nyumba nzima, si hita peke yake, maana ile swichi kubwa imeziacha nyaya zote bila mlinzi, zinaweza kuungua ukutani bila mtu kujua. Mpaka hapo chemsha maji jikoni, waogeshe watoto kwenye beseni. Umeme ukirudishwa kabla ya fundi kufika, chukua wanao uende kwa mama yako mchana kweupe, ukiaga. Huo si ukaidi. Mkaidi ni yule anayezimiwa taa kila siku na bado anaigombeza swichi.

Na wewe, seremala. Najua utasoma, gazeti hili hufika karakanani hata kama ni la kufungia misumari. Yule mteja wa kabati lililopinda kama mlevi ulimcheka mpaka ukakaa chini. Ulikuwa na haki, mlango ukipinda watu wanacheka, unapigwa randa, maisha yanaendelea. Nenda leo kwa jirani wa nyuma umwambie huendi kumfungia kitu, na umwambie kwa nini. Litakuuma kuliko hayo maji, lakini hili halina mtu wa kuzikwa.

Siku fundi akimaliza, mke wako asiingie kwanza, wala mama yako, wala mtoto. Uingie wewe, uoge hapo nyumbani, mlango wazi kidogo, Kibibi amesimama nje ameshika taulo. Utoke ukiwa umeloa, umwambie kama bado kuna miiba. Yeye atakuangalia usoni, na hataiuliza simu.