Tangu Efraín Ashuke Kwenye Basi la Bendi

Mtaa wa Mesquite,
Llano Hondo, Texas.
Jumamosi, 9 Novemba 2019

Mpendwa dada Ofelia,

Kwanza niambie habari za goti lako. Mara ya mwisho ulisema linauma kidogo, na mimi nakujua, wewe ukisema kidogo ujue umepanda ngazi za kanisa kwa kushikiliwa mikono miwili. Umekwenda kwa yule daktari wa Delicias? Na mjukuu ameanza kusimama? Mvua je, ilifika kwenye pilipili zako au ilipita pembeni tena? Sisi huku ni wazima. Tunakula, tunaamka, tunakwenda kazini. Baridi imeingia, pamba inavunwa, na vumbi lake limejaa mpaka kwenye mashuka.

Nakuandikia kwa sababu simu imetushinda. Nikikupigia nalia, nawe unalia, halafu mtandao unakatika, na unabaki na habari nusunusu. Juzi ukaniuliza kama ni kweli Efraín alipigana. Hapana, dada, hakupigana. Acha nikusimulie yote taratibu, nikiweza kutulia kitini. Tangu asubuhi nimeshaosha vyombo vilivyokuwa safi.

Unajua alivyofurahi alipopokelewa kwenye bendi ya shule ya sekondari. Alikuwa akipuliza lile tarumbeta lake la kuvuta mpaka mbwa wa jirani anaitikia. Ijumaa moja mwezi wa Septemba bendi ilisafiri na timu ya mpira kwenda mji mwingine. Wakati wa kurudi, wale wakubwa wanaokaa nyuma ya basi wakasema wageni wote wa bendi wapite katikati ya viti mpaka nyuma, huku wakipigwa ngumi kutoka kulia na kushoto. Wanasema ni desturi. Wenzake walipita wakicheka kwa woga. Efraín alipita mara moja, wakamwambia arudie kwa kuwa hakucheka. Akakataa. Wakamvuta, akarusha mkono, wakamwangusha kwenye chuma cha kiti. Mtulinga ukavunjika, nao wakaendelea. Mwalimu alikuwa mbele karibu na dereva, anasema alidhani ni makelele ya furaha.

Alishuka pale shuleni ameushika mkono kama mtu aliyebeba mtoto. Akatuambia ameteleza. Daktari alipomvua shati na kuona mgongo, alitutazama mimi na Rogelio kwa jicho ambalo sitalisahau. Alidhani ni sisi. Hapo ndipo Efraín akasema, uso ameugeuzia ukutani.

Jumatatu nilikwenda shule na imani yangu yote, Ofelia. Unanijua, mimi ndiye niliyekuwa nikimwambia kila mzazi kwamba shule hii ni nzuri, nimewapikia tamale za kuchangisha nauli za bendi kila mwaka tangu binti wa jirani yangu alipokuwa pale. Mkuu wa shule, Bwana Lockridge, alinipa kahawa, akanivutia kiti. Akasema, "Mama Samaniego, sisi hapa ni familia moja. Huu ulikuwa mchezo wa vijana, ukazidi kidogo."

Nikamwambia, "Mtoto wangu amevunjika mfupa."

"Na tunasikitika. Lakini naye alirusha ngumi. Sheria ni sheria, itabidi wote wasimamishwe masomo siku chache, yeye pamoja nao."

Nilidhani sikusikia vizuri. Nikamwomba arudie, akarudia kwa sauti ileile ya upole, kama mtu anayekusomea bei ya nyama.

Shule ina polisi wake, anaitwa Purvis. Mshahara wake unatoka kwa bodi ya shule, jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata siku moja. Aliwahoji watoto mmoja mmoja, na Lockridge amekaa hapohapo kwenye kona ya chumba. Mtoto gani atasema? Purvis akaniambia kamera ya basi ilikuwa mbovu na hajapata shahidi. Nikaenda polisi ya mjini. Yule mama wa mapokezi, mtu wetu kabisa, anaongea Kihispania kama mimi na wewe, akanijibu kwamba mambo ya shule yana polisi wa shule. Nikarudi kwa Purvis. Akasema jalada lipo kwa mkuu. Mkuu akasema lipo kwa polisi. Nilizunguka hivyo mpaka walinzi wa milango wakawa wananisalimia kwa jina.

Nyumbani nako hakukuwa na amani. Efraín alikuwa akila chumbani, mkono umening'inia shingoni, simu ameizima. Siku moja niliingia bila kubisha nikamkuta amekaa tu.

"Mama, acha," akaniambia. "Kila ukienda pale, wananiita mchongezi. Wameniwekea picha ya mtoto mchanga kwenye sanduku langu la vitabu."

"Nani?"

"Unaona? Unataka majina tu. Wewe na Purvis mmoja."

Dada, hilo lilinichoma. Nilitoka nikasimama jikoni nikiwa sijui nilichofuata huko.

Rogelio naye alikuwa na hofu yake. Mwenye kile kiwanda cha kuchambua pamba anachofanyia kazi ni mjumbe wa bodi ya shule. Hakuwa amemwambia lolote baya, alimwuliza tu, "Mkeo hajambo? Naona ana shughuli nyingi siku hizi." Rogelio akaja nayo nyumbani hiyo salamu kama kitu kilichooza.

"Tunyamaze mpaka msimu uishe," akasema. "Mfupa unaunga."

"Mfupa unaunga. Na yeye?"

"Elvira, nikifukuzwa kazi, yeye atakula nini? Ngumi za bodi?"

Tuligombana kwa sauti za chini ili mtoto asisikie, naye alisikia yote.

Oktoba bodi ilikutana kwenye ukumbi wa chakula wa shule. Mzazi yeyote anaruhusiwa kusema, dakika chache. Nilikwenda peke yangu. Nilikuwa nimevaa lile gauni la bluu ulilonishonea. Niliyasema yote: chuma cha kiti, daktari, Purvis, kona ya chumba. Kiingereza changu kilinikimbia mara mbili nikakirudisha. Nyuma yangu baba mmoja akanong'ona kwa makusudi nisikie, "Mtoto wa tarumbeta kaumia bega, basi mji mzima usimame." Watu wakacheka. Mwenyekiti akanishukuru kwa mchango wangu, akauliza kama kuna mwingine.

Hapo akasimama Darlene Stuckey.

Nikueleze ni nani. Ni mwenye saluni ya karibu na benki, amekata nywele za nusu ya mji huu. Mwanawe Wade yuko mwaka wa mwisho, anapiga ngoma, na ni mmoja wa wale wa nyuma ya basi. Tangu mwezi wa Septemba nilikuwa nikimwona sokoni nageuza kigari changu. Nilipomwona amesimama nikajua anakuja kunimaliza.

Akasema, "Wade wangu ni mmoja wao. Alimpiga mtoto wa huyu mama. Mniache niseme mara moja kabla sijashindwa."

Watu wakageuza viti, Ofelia, kumtazama.

"Kesho yake asubuhi, Jumamosi, Wade alikwenda mwenyewe nyumbani kwa Bwana Lockridge akamwambia kila kitu. Nani alianza, nani alivuta, nani alimkanyaga. Bwana Lockridge akamwambia ana moyo mzuri, akamwambia asirudie maneno hayo popote mpaka mashindano ya bendi yapite. Kisha akanipigia simu mimi, akaniambia mwanangu hakuhusika. Nilifurahi. Nilipika keki, jamani. Mwanangu akawa hali, halali, na mimi namkatia keki."

Mwenyekiti akagonga meza. "Mama Stuckey, muda wako umekwisha."

"Bado sijamaliza. Amenieleza jana akitapika kwa kulia. Mnaye mtoto aliyesema ukweli mkamfundisha kuuficha. Sasa mimi nimwamini nani hapa? Niambieni, nani?"

Lockridge alikuwa akitazama viatu vyake. Yule baba wa kunong'ona hakuonekana tena, sijui aliondokea mlango gani. Mimi nilitaka kumkumbatia yule mwanamke, na papo hapo nilitaka kumzaba kofi kwa ajili ya mtoto wake. Sikufanya lolote. Nilikaa na mkoba wangu mapajani.

Baada ya hapo mambo yalikwenda haraka, kwa namna ya haraka ya serikali. Wapelelezi walikuja kutoka kaunti. Waliwahoji watoto kila mmoja na mzazi wake, pasipo mtu wa shule. Wengi walisema, kumbe wageni wa mwaka jana na wa mwaka juzi nao walipitishwa humo humo. Lockridge ameondolewa ofisini wakati wakimchunguza. Vijana watatu, Wade mmojawapo, wataitwa mbele ya hakimu wa watoto baada ya Krismasi. Adhabu ya Efraín imefutwa. Walituarifu hivyo tu, imefutwa. Samahani hawakuandika.

Purvis bado yupo mlangoni. Kila asubuhi ananipungia mkono.

Rogelio hakufukuzwa, ila amehamishiwa kwenye kupakua marobota, kazi ya vijana. Anarudi mgongo umekakamaa, na hajanilaumu. Usiku ule wa mkutano nilipomsimulia, alivua viatu, kisha akasema, "Ningekwenda na wewe." Basi. Kwake yeye hayo ni maneno mengi.

Wiki iliyopita nilikwenda saluni. Nilisikia wateja wamemhama Darlene, na kweli viti vilikuwa vitupu. Hakuniuliza nataka nini, alinilaza tu kwenye beseni akaanza kuniosha nywele. Maji yalikuwa ya moto kupita kiasi, sikusema. Baadaye sana akasema, "Wade anataka kuja kumwomba radhi. Nimemkatalia mpaka mwanao aseme yuko tayari."

Nikamjibu, "Hayuko tayari."

"Sawa."

"Na mimi siko tayari, Darlene."

"Sikutarajia," akasema, akanikausha kwa taulo taratibu, kama mtoto. Tulilia wote wawili kwenye kioo bila kutazamana.

Sasa ndio nifike kwenye kinachoninyima raha leo. Mfupa umeunga na Efraín amerudi kwenye bendi. Alirudi mwenyewe, hakutuuliza. Nilimsikia akipuliza chumbani, noti za chini tu, kama anayejaribu maji kwa kidole. Na leo ni mashindano ya bendi mjini Lubbock, na wanakwenda kwa basi. Shule imesema wazazi wasafiri nao. Nikajitolea mara moja.

"Mama, ukipanda wewe, mimi nashuka," akasema. Hakukasirika, alisema tu.

"Basi nani akae na nyinyi? Mwalimu asiyejua kutofautisha furaha na kilio?"

Akafikiri. Halafu, dada, akataja jina ambalo nisingelitarajia. "Mama yake Wade. Yeye hawezi kudanganya tena, hata akitaka. Mji mzima utamsikia."

Wade mwenyewe hayumo, amezuiwa kusafiri na bendi mpaka kesi iishe. Lakini mama yake amepanda. Nilimwona asubuhi akiingia na kikapu cha mikate, hakuna mtoto hata mmoja aliyemsalimu isipokuwa Efraín, aliyempokea kikapu kwa ule mkono uliopona. Basi likaondoka. Rogelio alitaka tulifuate na pikapu. Tukalifuata mpaka kwenye taa za mwisho za mji, tukajionea aibu, tukarudi.

Uliniuliza kwenye simu kama sasa nawaamini watu wa shule. Siwaamini, Ofelia. Mkuu mpya anatabasamu vizuri, na yule wa kwanza naye alitabasamu vizuri. Huko kaunti wamenitendea haki, lakini walikuja baada ya mwanamke kupiga kelele ukumbini, na kama angenyamaza, wangekuja? Nalala na swali hilo naamka nalo. Nimemwacha mtoto aende hata hivyo, kwa sababu kumzuia nyumbani ni kuwaachia wao bendi nzima.

Nisalimie shemeji Baltasar, mwambie dawa ya mgongo aliyomtumia Rogelio inanuka lakini inasaidia. Msalimie mpwa wangu Nayeli na mumewe, na umbusu yule mdogo kwenye nyayo zote mbili. Mama Mkubwa Eduviges mwambie nimewasha mshumaa kama alivyoagiza. Mungu awafunike wote kwa mkono wake, akuponye hilo goti, na atulaze salama, huko kwenu na huku kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata nisipoandika,

Elvira

Nilikuwa sijafunga bahasha, acha niongeze. Basi limerudi jioni hii, tukalipokea pale shuleni na pikapu. Hawakushinda, wamekuwa wa nne, na Rogelio anadai wameibiwa. Darlene alishuka wa kwanza akasimama kando ya mlango, akiwatazama watoto wakipita mpaka wote wakaisha, kisha akaniitikia kwa kichwa na kwenda kwenye gari lake. Efraín alishuka katikati yao na kijana mmoja wa zumari, anacheka kitu ambacho sikukisikia. Alipotuona akaacha kucheka, kama watoto wa umri huo wanavyoacha wakiona wazazi. Nikamshika Rogelio mkono, tukaingia ndani ya pikapu tukafunga milango, tukatazama upande mwingine, ili aendelee.